Meza Nne za Maji

Mji wa Kale, Mombasa
Jumamosi, 21 Juni 2025

Ndugu yangu Kioko,

Salamu nyingi zikufikie huko Athi River, wewe na shemeji Rosebella na binti yetu Mumo. Hali zenu? Kile kikohozi cha shemeji kimetulia? Na mama huko Mwala ameanza kula, au bado ni kikombe kimoja cha chai kutwa nzima kama ulivyoniambia? Nauliza huku nikijua kwamba ukishamaliza kusoma barua hii huenda usitake kunijibu lolote. Hata hivyo nauliza, kwa sababu nataka kujua.

Sisi huku miili ni mizima. Mvua zimepungua na jua limerudi kazini. Mama yangu anakusalimu. Goti lake la kushoto bado lamsumbua kwenye ngazi, na kila siku asema atahamia chumba cha chini, na kila siku hahami. Duka lipo. Siku hizi watu watazama saa kwenye simu, lakini wazee wachache bado huniletea saa zao nizisafishe, nami bado hukaa pale na kioo changu jichoni nikijifanya najua dakika kuliko walimwengu wote. Wewe ulikuwa ukinicheka kwa hilo. Tangu uondoke hakuna anayenicheka, na nimegundua kwamba nilikuhitaji kwa kazi hiyo.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nilijaribu kukujibu kwa sauti. Nikarekodi, nikasikiliza, nikafuta, mara tano. Kila nikisema kwa mdomo najikuta nimejipendelea mahali. Basi nimekaa kuandika, na Trizah wa kikundi chetu anapanda treni Jumatatu, atakukabidhi mkononi. Hajui kilichomo. Tafadhali usimkaribishe chai ukaisoma mbele yake.

Ujumbe wako niliupata wiki mbili zilizopita, siku za Idi, nimekaa barazani na kanzu mpya. Ulisema tangu tumzike Mutanu hujavaa viatu vya mbio. Ulisema umemtoa Mumo katika timu ya shule, kwamba mtoto amelia siku tatu na wewe hukurudi nyuma, kwa kuwa shangazi yake alikuwa na moyo mbovu ambao hakuna aliyeujua, na huenda naye anao. Daktari wa huko amempima hakuona kitu, nawe hukumwamini. Kisha ukaniambia habari za mama, kwamba kila asubuhi anasimama mbele ya picha ya Mutanu ukutani akimwomba radhi, kwa sababu dada yake mama naye alikufa kijana, na anaamini moyo huo umetoka katika damu yake yeye. Mwisho ukanishukuru tena, kama ulivyonishukuru kaburini mbele ya watu wote, ukasema Aidarus alikimbia na saumu yake na hakumwacha dada yangu hata hatua moja.

Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi mno. Tangu hapo sili vizuri, na kazini nimeharibu saa mbili za watu. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana nikianzia mwisho sitaweza.

Ulipohamishwa kazini kwenda bara uliniachia vitu viwili, kikundi cha Miguu Miepesi na dada yako. Kikundi ulikiachia na karatasi ya kanuni uliyoiandika kwa mkono wako. Tusiongeze zaidi ya kilomita mbili kwa wiki. Anayechelewa asiachwe nyuma. Na ya tatu uliipigia mistari miwili ya kalamu nyekundu: kunywa kabla ya kiu. Niliibandika nyuma ya mlango wa duka. Mutanu hukumwachia karatasi. Uliniambia tu nimtazame kama dada yangu, ukapanda gari.

Nilimtazama, Kioko, hilo si uongo. Alipoanza kukimbia nasi, Agosti mwaka jana, hakuweza kutoka kwake Buxton mpaka Makadara bila kushika kiuno. Ken, aliyefanya naye kazi ofisi moja ya mizigo ya bandarini, alisema mbele yetu kwamba Krismasi haitamkuta mbioni. Krismasi ilimkuta anakimbia kilomita saba. Alikuwa hapendi kuhesabu kilomita, alisema zinamchosha, kwa hiyo alihesabu paka. Kutoka Ngomeni kupitia Ndia Kuu hadi soko la samaki alikuwa na hesabu yake ya kila siku, na akikosa paka mmoja anauliza kwa wenye maduka amekwenda wapi. Mimi nilikuwa nikimpigia saa mkononi, namwambia leo umepunguza sekunde arobaini, naye ananijibu leo nimeongeza paka watatu. Hivyo ndivyo alivyofika kilomita kumi, akafika kumi na mbili.

Ramadhani ilipoingia tulibadilisha saa kama kawaida yetu. Waliofunga tukawa tunakimbia jioni, tukimaliza karibu na adhana ya magharibi tufuturu pamoja pale Mama Ngina. Ken, Trizah na Wakristo wengine wakabaki na asubuhi yao. Mutanu angeweza kwenda nao. Alisema amezoea mwendo wetu, akaja na sisi. Siku ya kwanza alikuja na chupa yake ya maji kiunoni. Tulipopumzika aliishika, akatutazama midomo ilivyokauka, akairudisha. Swabaha alimwambia anywe, hakuna atakayechukia. Akajibu kwamba kwao Mwala mtu hatafuni mbele ya mwenye njaa, na maji ni yale yale. Kutoka siku hiyo chupa aliiacha nyumbani. Alikuwa akisubiri adhana pamoja nasi, anachukua tende moja na kikombe kimoja kwa wakati ule ule tunaochukua sisi, na akina Swabaha wakampenda mpaka wakawa wanamgombania nani akae naye mkekani.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Mimi ndiye niliyeiona karatasi yako kila nikifunga mlango wa duka. Ningemwambia, Mutanu, heshima yako tumeipokea, sasa kunywa. Badala yake nilimwambia mashaallah, na nilimwambia mbele ya watu. Sisi kiu ile tulikuwa tumeizoea tangu tuna miaka saba, na tunajua wapi pa kupunguza mwendo. Yeye alijifunza jambo moja tu, kwamba mwili unaweza kwenda bila maji, na aliyemfundisha ni mimi. Baada ya Idi tulipopanda hadi kilomita kumi na nane alikunywa kikombe kimoja njia nzima. Nilikiona, nikafurahi kwamba amekuwa mgumu kama sisi.

Sasa siku ya mbio zenyewe. Unajua zilikuwa zetu, tumezipanga wenyewe, watu sitini, kuzunguka kisiwa kilomita ishirini na moja. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Aprili, na mwezi wa Mfunguo Mosi ulikuwa unakatika. Wewe umekaa nasi miaka kumi, unajua funga ya sita, zile siku sita za sunna baada ya Idi. Nilikuwa nimefunga tano, imebaki moja. Alhamisi niliandika kwenye kundi la simu kwamba ya sita nitaifunga Jumapili na nitakimbia nayo mzunguko mzima. Hakuna aliyeniuliza, niliandika tu. Watu wakajibu kwa mikono ya kuomba na maua. Ustadhi mmoja alinipigia akasema hilo halina haja, mwili una haki yake, nifunge Jumatatu. Nikamwambia nimeshatia nia.

Tuliposimama Ngomeni asubuhi, Saif alipanda kwenye kingo akatangaza kwa sauti yake ile ya mnadani kwamba huyu ndugu yetu leo anakimbia na saumu. Wakapiga makofi. Mutanu akaja ubavuni kwangu amefunga kitambaa chake cha kijani kichwani, akaniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Basi hata mimi sinywi mpaka tufike. Siwezi kunywa wewe ukinitazama." Nikacheka. Nikamwambia asifanye mchezo. Akacheka na yeye, tukaanza.

Meza ya kwanza tulikuwa tumeiweka Tudor, kilomita ya tano. Nilimwambia anywe, lakini nilisema kwa mdomo wa mtu anayetaka kukataliwa. Akapita. Ya pili ilikuwa karibu na Makupa, na pale alichukua kikombe, akajimwagia kichwani, na kwa sababu hiyo waliokuwa mezani wanaapa mpaka leo kwamba alikunywa. Jua lilikuwa limeshapanda na upepo hakuna. Ya tatu, Mbaraki, alikuwa ameacha habari za paka. Ya nne ilikuwa Mama Ngina, kilomita ya kumi na saba, na nilipomtazama pale uso ulikuwa mkavu kabisa una unga wa chumvi, jasho hakuna. Nilimuuliza kama yuko sawa. Akainua kidole gumba. Wengine wote walikuwa mbele yetu mbali, tumebaki wawili, na mimi sikumwacha hata hatua moja, kama ulivyosema.

Alianguka Kizingo, kwenye kivuli cha ile miti mikubwa. Kwanza aliyumba akashika ukuta wa nyumba ya watu, akaniambia kitu kwa Kikamba, nami Kikamba sikijui. Kisha akaenda chini. Askari wa lango, jina lake Dzoro, alitoka mbio na beseni la maji, tukammwagia, tukajaribu kumnywesha, maji yakawa yanatoka pembeni ya mdomo. Gari lilikawia. Mengine unayajua, kwamba jioni ile ile kabla wewe hujafika Mtito Andei alikuwa ameshafariki.

Hili hulijui. Daktari alitoka akatukuta tumesimama ukumbini, mimi, Saif, Swabaha, Ken na Trizah. Alikuwa kijana, mpole. Aliuliza nani alikuwa naye, wote wakanionyesha mimi. Akaniuliza, "Alikunywa maji mara ngapi njiani?"

Nikamjibu, "Kila meza. Mara nne."

Akauliza tena kama nina hakika. Nikasema nilikuwa ubavuni kwake. Akaandika. Akasema ikiwa ni hivyo basi huenda moyo ulikuwa na kasoro ya siku nyingi, na kwamba kumpasua ndiko kungesema kwa hakika. Mama alikataa mwanawe asipasuliwe, na ninyi mkamheshimu. Kwa hiyo moyo mbovu mlioupeleka Mwala, ukaingia katika maombi ya kasisi na katika damu ya mama yako na katika kifua cha Mumo, haukutoka kwa daktari. Ulitoka kwangu. Mutanu hakuweka tone la maji kinywani kutoka Ngomeni hadi Kizingo, na hakunywa kwa sababu yangu.

Ningependa niishie hapa. Ukisoma mpaka hapa unaweza ukasema, Aidarus alifanya kosa, alikuwa amefunga, yule msichana alimheshimu kupita kiasi, na baadaye akaogopa. Pengine baada ya miaka ungeniita tena ndugu. Nimeiandika barua hii mara ya kwanza nikaishia hapo hapo, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha. Nikaichana.

Kioko, mimi sikuwa nimefunga.

Niliamka asubuhi ile nikala daku kidogo, na adhana ikaadhiniwa nikiwa na nia yangu. Nikaswali. Kisha nikakaa kitandani nikaanza kuziwaza kilomita ishirini na moja, na hofu ikaniingia. Nikashuka jikoni. Mama alikuwa amepika uji, akauliza si nimesema nafunga. Nikasema nimeghairi. Nikanywa bakuli zima, nikala mkate na mayai. Dini haikunizuia, saumu ile ni sunna, mtu akiivunja hana deni. Ningefika Ngomeni nikasema jamani nimeshindwa, watu wangecheka dakika moja, na Mutanu angeliacha lile kusudio lake pale pale. Lakini Saif alishatangaza, na makofi yalikuwa matamu.

Na si hilo tu. Kabla hatujafika Mbaraki, upande wa Kilindini, nilimwambia nataka kuingia msikitini nijimwagie maji usoni. Nikaingia penye mabomba ya kutawadhia, nikatazama kama kuna mtu, nikainama nikanywa. Nilikunywa kwa viganja viwili mpaka tumbo likajaa. Nilichukua dakika tatu, najua kwa sababu saa yangu nilikuwa nimeisimamisha. Dakika hizo tatu dada yako alinisubiri nje juani, kwa kuwa kanuni yako inasema anayechelewa asiachwe. Nilipotoka ndevu zinachuruzika aliniuliza kama nimepata nafuu. Nikamwambia alhamdulillahi, ni maji ya usoni tu, lakini yanasaidia. Akasema ninajitahidi sana.

Ilikuwa bado kilomita saba mpaka aanguke. Pale Mbaraki ningechukua kikombe nikanywa mbele yake, ningekunywa kimoja tu, naye angekunywa. Hakuhitaji kushawishiwa. Alihitaji kuniona mimi ninakunywa.

Na la mwisho, kisha sina jingine. Dzoro alipoona nimepiga magoti pale chini, alirudi ndani akaniletea kikombe cha maji baridi, akaniambia ninywe nisije nikaanguka na mimi. Mutanu alikuwa amelala hapo mbele yangu macho yamegeuka. Nikamwambia yule askari kwamba nimefunga. Akakirudisha kikombe kwa adabu, akasema Mungu atanilipa.

Jioni niliporudi nyumbani mama alikuwa ameshapata habari kwa majirani, na sifa zangu ameshazisikia pia. Alikuwa amekaa ngazini na lile goti lake. Hakulia wala hakunipa pole. Aliniambia, "Leo hukufunga wewe. Uji uliunywa hapa mbele yangu. Sasa huyo mtoto wa watu alimngojea nani?" Tangu siku hiyo ananipikia na ananisalimia, na jambo hilo hajalitaja tena.

Siombi unisamehe, kwa sababu ninavyokujua unaweza ukajilazimisha. Sijui nifanye nini na nafsi yangu. Naswali, lakini nasimama tu pale. Msikiti ule wa Kilindini nikiupitia nahamia upande wa pili wa barabara. Nikinywa maji nyumbani nageukia ukutani, nisijue namficha nani. Kukimbia nimeacha, na Jumanne baada ya alfajiri nitawaita Miguu Miepesi wote pale Ngomeni niwaeleze haya kama nilivyokueleza wewe. Ukitaka nije Mwala nimwambie mama kwa mdomo wangu nitakuja, na lolote mtakaloamua kunifanya nitakaa nilipokee. Ukitaka nisikanyage huko maisha yangu yote, pia nitaelewa.

Lakini usimcheleweshee mama. Mwambie Jumatatu hiyo hiyo utakayoipata barua, kabla sijawaambia wengine Jumanne. Mwambie moyo wa mwanawe ulikuwa mzima, na ulifika kilomita ya kumi na nane bila tone la maji kwa sababu ulikuwa mzima. Hakurithi ubaya wowote kwake. Alichorithi ni ile adabu ya kutotafuna mbele ya mwenye njaa, na mimi sikuwa na njaa.

Wasalimie wote nyumbani, shemeji Rosebella hasa, kama bado nina ruhusa ya kumwita shemeji. Mama yangu anasema mkija Mombasa nyumba ni yenu, na akasisitiza kwamba ni nyumba yake yeye, si yangu.

Aliyekuwa ndugu yako,
Aidarus

Ndani ya bahasha utaikuta ile karatasi yako ya kanuni. Nimeibandua mlangoni, kona moja imechanika. Mpe Mumo. Mrudishie na viatu vyake, mwache akimbie, na njiani, Kioko, unywe wewe kwanza akikuona.